Jembe la Mama Ulingoni

Kihonda, Jumapili

Mjomba Hatibu,

Shikamoo. Sisi wazima, mvua imeanza na bati linavuja palepale. Huko Mgeta njegere zimekomaa? Soma hadi mwisho kabla hujakasirika.

Chuoni tuna mashindano ya roboti zinazopigana. Ni vigari vidogo vya rimoti, na fundi wa silaha yetu ni mimi. Silaha yenyewe ni kisu kinachozunguka, lakini kila chuma cha dukani kilipinda.

Mjomba, nikakata jembe la marehemu mama. Lile ulilomfulia mwenyewe, ukanikabidhi siku ya arobaini, ukasema msimu wa kulima nilishike mbele ya ukoo nipewe shamba lake. Nilijiambia chuma ni chuma.

Tulishinda nusu fainali. Roboti ya wapinzani ilipasuka vipande viwili. Ukumbi mzima ukashangilia, mimi nikajifungia chooni nikalia.

Kisu hakikupata hata pengo. Wenzangu wanakitaka kwa fainali. Nimewaambia kina mwenyewe. Nimekifunga kwenye kanga ya mama pamoja na kipande kilichobaki, nakuja navyo Ijumaa.

Ukiweza kuviunganisha, viunganishe. Ikishindikana, nitalimia hichohicho kipande, hata kwa kuinama zaidi.

Mpwa wako,
Mwanvita