Ng'ombe Sita wa Saning'o Kwenye Jedwali Lako

Soko la Nyasi,
Kitengela,
Kaunti ya Kajiado.
9 Desemba 2025

Mpendwa Nick,

Supa. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima huko Calgary, wewe na Celine na Nasieku. Anayeibeba ni Evalyne, binti wa jirani yangu anayekuja huko kusoma. Nasikia theluji imeshafika magotini. Nasieku asitoke bila kofia, maana alipokuja mwaka jana kile kifua chake hakikunipendeza. Mimi niko salama. Mgongo unasumbua kwa sababu ya kubeba beli za nyasi, lakini tumezoeana. Jicho la Yeyo limepona kabisa tangu upasuaji, na mama yetu sasa akikaa mlangoni anaona mpaka barabara ya Namanga. Wiki hizi anaona zaidi ya vile ningependa aone.

Hizo ndizo salamu. Sasa tuongee.

Ninatumia kalamu kwa sababu kwenye kikundi cha familia cha WhatsApp, mtu akikuuliza swali gumu unamtumia kidole gumba na somo lingine la uwekezaji. Karatasi haina kidole gumba. Isome mpaka mwisho, halafu mpe Celine naye aisome, kwa sababu katika nyumba yenu yeye ndiye anayejua kutoa na kujumlisha.

Jumamosi iliyopita Saning'o, rafiki wa marehemu baba, alikuja kwa Yeyo kutoka Kimana. Alikuja kuchukua ng'ombe wake sita aliokuwa amewaweka kwetu, kwa sababu mvua imenyesha na nyasi kwake zimerudi. Hakuwapata. Uliwauza wewe mwezi wa tisa, pamoja na watano wa Yeyo, Yeyo akiwa amelazwa Kajiado na bandeji jichoni.

Najua utasema ni Lemein aliyewauza. Lemein ni mtoto wa baba mdogo, amekulia hapa Kitengela, na ng'ombe kwake ni kitu cha kukutana nacho kwa sahani. Ulimwambia apige picha kila mnyama aliye bomani, akapiga. Ukamwambia awapeleke soko la Bisil, akawapeleka. Nilipomuuliza aliniambia, "Dada, Nick alisema huo ni mtaji uliolala." Hata hayo maneno si yake.

Niliifungua ile Excel yako ya ng'ombe Jumapili. Uliituma mwezi wa nane na sikuifungua, na hilo ni kosa langu, nalikubali. Nilikuwa nimechoka na masomo yako ya kila Jumapili. Kama ningeifungua wakati ule, ningeona safu yako ya mwisho, ile uliyoiita "kasoro". Ng'ombe sita, mmoja baada ya mwingine, umeandika: sikio la kushoto limepasuka, punguza elfu mbili.

Nick, hilo sikio halikupasuka. Lilikatwa. Ndiyo alama ya boma ya Saning'o, sikio la kushoto, mkato mmoja kutoka chini. Wetu wanakatwa la kulia, mara mbili. Mtoto wa miaka saba anayechunga mbuzi anaijua hiyo alama. Mnyama alikuwa amebeba jina la mwenyewe kichwani, wewe ukalisoma kwa picha, ukaliandika kuwa kasoro na ukampunguzia bei. Uliwaona kabisa kwamba wako tofauti na wengine. Hukuuliza tu.

Sasa niruhusu nami nikufundishe, kwa sababu umetufundisha miezi mitano na hakuna aliyekuuliza maswali.

Ulituandikia kwamba ng'ombe ni dhima wala si mali, kwa sababu mali inaweka pesa mfukoni na dhima inatoa, na ng'ombe wanakula. Sawa. Basi tuweke kwenye hesabu hiyo kitu kingine kilichokuwa kinakula. Karo yako ya sekondari na chuo kikuu, na tiketi ya ndege ya kwanza, ilikuwa ng'ombe kumi na wanne. Niliwahesabu wakitoka mmoja mmoja, kwa sababu mimi nilikuwa nimeachia kidato cha pili na nilikuwa nyumbani kuwahesabu. Wewe ndiwe uwekezaji wa kwanza wa hii familia. Gawio lake, yaani ile faida wanayogawana wenye hisa, bado tunalisubiri.

Ulituandikia kuhusu ukwasi, kwamba ni wepesi wa kugeuza mali iwe pesa taslimu, na kwamba ng'ombe hawana ukwasi. Lemein alifika Bisil saa mbili asubuhi, na saa sita pesa zilikuwa kwa M-Pesa. Huo ni ukwasi. Pesa hizo hizo ulizipeleka kwa mfuko wa uwekezaji wa yule rafiki yako wa darasa la mtandaoni, na sasa zimefungiwa miezi kumi na minane. Ulitoa kitu kinachouzika kwa masaa manne, ukakiweka mahali ambapo ni lazima uombe ruhusa.

Bei nayo. Uliuza mwezi wa tisa, ng'ombe wakiwa mbavu tupu, siku ambayo kila mtu kutoka Namanga hadi Kajiado alikuwa analeta wake sokoni. Wauzaji wengi, wanunuzi wachache, bei inaanguka. Hilo halihitaji darasa. Mimi nimejenga nyumba kwa hilo hilo: nanunua beli ya nyasi kwa mia moja na themanini watu wakiwa nazo nyingi, naihifadhi pakavu, nauza mia tatu na hamsini wasipokuwa nazo. Nilianza na chupa mbili za maziwa kando ya barabara hapa Kitengela na hakuna aliyenitumia link.

Wote kumi na mmoja walileta shilingi 341,000. Ni wastani wa 31,000. Wiki iliyopita nilienda Bisil mwenyewe. Mtamba wa aina ile ile, akiwa ameshiba, ni 58,000. Nimekupigia hesabu: ni ongezeko la asilimia themanini na saba kwa wiki kumi. Mfuko wako unaahidi kumi na nne kwa mwaka, kabla ya kutoa asilimia mbili ya usimamizi, na kabla ya mfumuko wa bei ambao uliufundisha vizuri sana kisha ukausahau.

Usinielewe vibaya. Mimi si adui wa uwekezaji. Niko na hisa za sacco, na niko na hatifungani za serikali ambazo kila miezi sita zinanilipa riba nikiwa nimelala. Lakini niliuliza maswali wiki tatu kabla ya kuweka shilingi ya kwanza, na shilingi ilikuwa yangu.

Lile somo lililoniuma zaidi ni la kutawanya hatari. Uliandika kwamba Yeyo ameweka mali yake yote mahali pamoja. Ulikaa Calgary ukahesabu walio ndani ya boma, ukaona kumi na mmoja, ukafunga hesabu. Hukujua kwamba sita si wake, na hukujua kwamba wake wengine wanne wako Kimana kwa Saning'o, karibu na maji. Baba na Saning'o walikuwa wanawekeana ng'ombe kwa miaka thelathini. Ukame ukipiga huku, huko wanabaki. Maji yakienda yote kwa mashamba ya nyanya na vitunguu huko, wa huko wanakuja huku. Hiyo ndiyo kutawanya hatari, na ilikuwepo kabla simu yako haijatengenezwa. Ule ukame wa ukiwa kidato cha tatu, boma yetu ilibaki na ng'ombe wawili na harufu. Muhula wako uliofuata ulilipwa na waliokuwa kwa Saning'o. Hakuna aliyekuambia kwa sababu ulikuwa na mitihani.

Nilikuwepo Jumamosi. Nakuandikia vile ilivyokuwa, kwa sababu Yeyo hatakuambia.

Saning'o alikunywa chai kwanza. Akaulizia jicho la Yeyo. Halafu akaanza kuulizia ng'ombe wake mmoja mmoja, kama mtu anayeulizia watoto.

"Na yule mwekundu wa pembe iliyolala, amezaa?"

Yeyo akasema, "Ameuzwa."

"Yule wa madoa?"

"Wote sita."

"Nani aliwauza?"

"Mtoto wangu, Nick."

"Nick si yuko ng'ambo?"

"Aliwauza akiwa huko huko."

Saning'o akanitazama mimi, kisha akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Kumbe siku hizi mtu anachukua ng'ombe wa wenyewe bila hata kukanyaga mavi."

Yeyo alimwambia atalipwa. Saning'o hakutaja bei. Alisema tu kwamba wanne kati ya wale sita alikuwa amewahesabia mahari ya kijana wake, na kwamba wanaenda kwa wakwe Loitokitok tarehe kumi na saba Januari. Alisema watu wa Loitokitok walishaambiwa mpaka rangi zao.

Unajua, au pengine hujui, kwamba tangu wapeane ng'ombe wa kwanza, yeye na baba hawakuitana tena kwa majina. Kila mmoja alikuwa Pakiteng kwa mwenzake, vile wanavyoitana watu waliopeana ng'ombe. Baba alipokufa, Saning'o aliendelea kuita kwetu boma ya Pakiteng. Jumamosi alisimama mlangoni akasema, "Mungu aibariki boma ya Kakuta." Jina la baba, lile la kwenye kitambulisho, kama chifu anayesoma orodha. Halafu akasema, "Wale wenu wanne nitawaleta."

Yeyo hajala vizuri tangu siku hiyo. Ukimpigia atakuambia ni dawa za jicho.

Kwa hivyo hii ndiyo kazi yako, na ni hesabu rahisi. Ng'ombe sita kwa 58,000 ni shilingi 348,000. Utatoa pesa kwa huo mfuko. Nimesoma masharti yake, ukurasa wa tisa: ukitoa mapema wanakata asilimia kumi na tano, yaani 51,150. Zinabaki 289,850. Zinazopungua ni 58,150, na hizo utatoa kwa mshahara wako, wala si kwa Yeyo, wala si kwa Lemein. Mtu anayechukua hatari ndiye anayebeba hasara. Hilo pia ulitufundisha.

Wale watano wa Yeyo tutaongea baadaye. Hao ni wake, na mama anaweza kumsamehe mtoto. Saning'o hajakuzaa.

Usinitumie somo kuhusu gharama ya kutoa mapema. Usiniambie kwamba soko litapanda. Harusi haingoji soko lako.

Tarehe kumi Januari nitakuwa Kimana pamoja na Yeyo, na lori na ng'ombe sita, pesa zako zifike zisifike. Zisipofika nitauza nyasi zangu zote zilizo stoo sasa hivi kwa bei ya mvua, yaani bei mbaya, na nitanunua. Nikifika nitateremsha wanyama mbele ya watu wake, na Saning'o ataniuliza ni nani amewanunua, kwa sababu ni lazima aulize. Nitamwambia ukweli. Kama ni wewe nitasema ni Nick, na nitasema kwa sauti. Kama ni mimi nitasema ni mimi, na sitataja jina lako kabisa, siku hiyo wala siku nyingine kwa boma ile, na Yeyo atakuwa amekaa hapo anasikia.

Yeyo anakusalimu na anaomba picha ya Nasieku akiwa na kofia. Lemein anakusalimu pia, ingawa amekuwa akinikwepa na nadhani anakukwepa na wewe. Mpe Celine salamu zangu nyingi. Yeye sina ugomvi naye. Mungu wetu Enkai awakinge na baridi hiyo, akupe afya, na akupe ujasiri wa kupiga simu moja kwa huyo rafiki yako wa mfuko kabla ya wiki utakayosoma barua hii kwisha.

Ni mimi dada yako, ambaye bado nakupenda kwa sababu sikuwahi kuulizwa,

Dinah