Mlango Mfupi wa Jiko la Bibi

Ihanda, Mbozi
Jumapili

Kwako Baba mpendwa,

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tunduma, na kwamba vumbi la foleni ya malori halijakurudishia kikohozi. Sisi hatujambo, ila goti la Bibi linamsumbua mvua ikikaribia. Ninaandika kwa sababu kila nikikupigia simu na kulitaja jiko lake, unasema mtandao unakatika. Karatasi haina mtandao, Baba. Shangazi Rozi atakuletea akija sokoni na maparachichi.

Nimesikia umeshanunua bati na saruji ili jiko lile la udongo libomolewe, lijengwe la matofali lenye mlango wa watu wazima. Kabla hujavipakia, nisikilize kidogo.

Mwalimu Lwitiko wa Historia alituonyesha picha za nyumba ya chai ya Wajapani, na tangu siku hiyo ninaiota. Ni kijumba tu bustanini: kuta za udongo uliochanganywa na majani makavu, nguzo za miti isiyorandwa, paa la nyasi, na madirisha ya karatasi yanayoingiza mwanga kama wa asubuhi ya ukungu hapa kwetu. Alisema kwamba zaidi ya miaka mia nne iliyopita, nchi ikiwa imechoshwa na vita, hata wakubwa waliacha majumba yao, wakafuata njia ya mawe yaliyonyunyizwa maji, wakaenda kunywa chai humo. Mlango ni mfupi, na kila mtu huingia kwa magoti. Wapiganaji walitundika panga zao nje kwanza. Ndani mna shimo la moto, birika linalovuma kama upepo wa mbali, na ua moja tu kwenye kishubaka.

Nilipomsimulia Bibi, aliacha kuchambua maharage akaniuliza kama hao Wajapani waliwahi kupita Ihanda kuchungulia jiko lake. Kisha akaniambia nisilolijua. Babu aliufanya mlango ule mfupi makusudi, na vile vigingi viwili vya nje tunavyoanikia matambara vilikuwa vya kutundikia mapanga. Ndugu wakigombana, aliwaita jikoni. Alikuwa akisema kwamba anayeingia ameinama, mikono mitupu, ameshaanza kuomba radhi kabla hajafungua kinywa. Tangu hapo, nikipuliza moto na moshi ukapanda taratibu kwenye nyasi, sijui tena kama niko Ihanda au Japani.

Baba, ninajua ulivyoumia ulipokuta mikahawa ya Babu imebaki visiki. Ulimwambia Baba Mkubwa Osea kwenye simu kwamba ameua kazi ya marehemu, naye akakujibu kwamba maisha ya mpakani yamekusahaulisha jembe. Hamjasalimiana tena. Lakini aliikata ili ichipue upya, na kiburi ndicho kilichomzuia kukueleza. Wiki hii imechanua. Shamba lote ni jeupe, na harufu inaingia mpaka darasani. Wakati mwingine simsikii hata mwalimu.

Sasa niseme lililo moyoni. Bibi anakuita Jumamosi, eti uje upime jiko kabla ya kubomoa, na ameniagiza nisiongeze neno. Nimeshindwa, Baba, maana mgeni wa nyumba kama ile anapaswa kujua kwamba anaweka silaha chini. Hakuna kupima. Baba Mkubwa atakuwa ndani. Yeye ndiye anayenisaidia kukandika kuta upya. Nilipomwambia kwamba huenda ukaja, alinawa udongo mikononi, akaenda kutundika panga lake kwenye kigingi cha kwanza. Mpaka leo hajalitoa. Akitaka kukata kuni anaazima panga la jirani.

Wewe hubebi panga siku hizi. Lete badala yake hiyo simu mliyotukanania. Mimi nitaweka tawi moja la maua kutoka kwenye kisiki, na birika litakuwa motoni.

Bibi anakusalimu. Nadhani na mbwa wako pia, maana bado analala kwenye njia uliyoondokea. Mungu akulinde ufike huku salama.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Imelda

Kigingi cha pili nimekiondolea matambara. Ukifika mlangoni, inama sana, Baba, usijigonge.