Baba Alivyosikia Habari za Mto

Ijumaa

Hakukasirika. Siku nzima nilikuwa na hofu kwamba atakasirika.

Wazazi walikuja shuleni kusikiliza mjadala wa klabu ya mazingira, nami nikapewa kuzungumzia kiwanda cha nguo kinachomwaga maji ya rangi mtoni. Baba anafanya kazi humo. Alikuja na sare yake, akaketi nyuma.

Nilisema mto si mali ya kiwanda, na wanaotumia maji yake huko chini wanafaa kuulizwa. Kisha nikaongeza jambo ambalo mwalimu hakunifundisha: wafanyakazi pia waulizwe, maana wao ndio wanaoshika zile dawa za rangi kwa mikono.

Tulipokaribia nyumbani, mtaani Kamenu, Baba akasema:

"Maitu, leo umenishtaki mbele ya watu."

Huniita hivyo, yaani "mama" kwa Kikuyu, akiwa amefurahi tu, kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Nikapumua.

"Nilikushtaki wewe ama kiwanda?"

"Kiwanda. Lakini ulisahau glavu. Tumeziomba mpaka tukachoka."

Jumatatu wana mkutano wa chama cha wafanyakazi. Anasema ataomba glavu tena, na safari hii atautaja mto pia. Naogopa kidogo wasije wakamfuta kazi.

Lakini atautaja.