Mahali Malori Mawili Yanapokutana

Kigali, upande wa Kanombe

Dada Zaituni,

Shikamoo. Shikamoo tena, maana ile ya kwanza shemeji ataidaka yeye kabla haijakufikia, namjua. Kifua chako kimeacha kukubana? Na mama mkubwa bado anagombana na kuku wa jirani, au kuku wameshahama? Mimi nipo. Viungo vyote vipo mahali pake na sura imezidi kuwa nzuri, isipokuwa shavu la kushoto, ambalo nitakueleza.

Barua hii anakuletea Masudi dereva mkononi, haipiti posta. Posta ya huku siku hizi inasoma barua kabla ya mwenyewe. Ukimaliza kuisoma, washia jiko.

Umeniuliza kazi yangu hasa ni ipi, kwa sababu shemeji anatangaza Kahama nzima kwamba mimi ni boi wa kufua soksi. Mwambie shemeji kwamba mimi ni msimamizi wa mitihani. Soksi nafua pia, lakini ni kazi ya pembeni.

Iko hivi. Bwana Vedasti, huyu ninayekaa kwake tangu niache utingo wa lori la Masudi, ni karani wa hesabu kwenye kampuni ya kahawa. Ana digrii yake, ana tai, ana mke anaitwa Mama Alini, na ana hasira aliyoimeza miaka mingi. Kitambulisho cha huku kina mstari wa kabila, dada, na mstari huo ndio unaosema mtu atapanda mpaka wapi. Vijana aliowafundisha yeye kushika kalamu ndio leo wanampigia kengele aje. Basi akasikia kuna mtihani wa Wamarekani. Ukifaulu, unaingia chuo kikubwa kusomea uendeshaji wa biashara, na kuna watu kule wa kukulipia. Nusu nzima ya mtihani ni hesabu.

Aliniambia, "Jumanne, ile mtihani inasahihishwa na mashine. Mashine haijui baba yangu ni nani."

Nikamwambia mashine ikimjua baba yangu mimi, itaharibika. Alicheka mpaka akavua miwani.

Na mimi nilikuwa na langu humo. Akipata safari, aliniahidi, ananiacha kwa binamu yake mwenye gereji nijifunze ufundi wa injini. Ndiyo maana niliwaandikia kwa mbwembwe zile. Najua mmeshawaambia watu.

Kazi yangu ilikuwa kushika saa. Kila akitoka kazini, anavua tai, anakaa mezani na kitabu chake cha mazoezi, mimi nakaa mbele yake na saa ya mezani kama hakimu. Muda ukiisha napiga kelele, "Kalamu chini!"

"Bado moja, Jumanne. Wacha nimalizie."

"Amerika hakuna bado moja, patroni. Chini!"

Na anaweka. Mtu mwenye digrii! Mama Alini alikuwa anaacha kuchambua maharage aje mlangoni kuangalia mumewe akiamrishwa na mchota maji. "Mfokee," ananiambia, "mimi hanisikii."

Kusema kweli hesabu zenyewe zilikuwa hazimsumbui. Kilichomsumbua ni Kiingereza. Yeye kasoma kila kitu kwa Kifaransa, hata kujumlisha anajumlisha kwa Kifaransa, midomo inacheza kama mtu anayesali. Akikwama kwenye neno ananiuliza mimi, kwa kuwa nilimwambia nimefika kidato cha pili. Usicheke. Neno nisilolijua nilikuwa nalitafsiri kwa sauti kubwa zaidi. Baadaye akanunua kamusi, hakunisema kitu.

Kuna maswali ya ajabu humo, dada. Hawakuulizi jibu. Wanakupa habari mbili, halafu wanauliza kama habari hizo zinatosha kulipata jibu au hazitoshi. Mimi nikaona ni uvivu wa Wazungu. Yeye akasema hapana, hayo ndiyo maswali ya watu wazima: kujua kama unajua. Aliyapenda sana yale. Mwishoni alikuwa akiyamaliza kabla sijafungua mdomo.

Sasa shavu.

Tangu vita vianze kule kaskazini, askari wanapita nyumba kwa nyumba kutafuta wanaowaita ibyitso, yaani watu wa ndani wanaowasaidia wale walioingia na bunduki kutoka Uganda. Wakaja kwetu asubuhi ya Jumapili, Mama Alini ameshavaa kitenge cha kwenda misani. Walipekua kitanda, walipekua gunia la mkaa. Halafu koplo wao akaona kitabu mezani.

"Hii kitabu iko ya nani?"

"Iko yangu, afande," akasema Bwana Vedasti. "Ni ya mtihani."

"Mtihani gani ya Kingereza? Sisi hapa tunasoma Kifaransa. Kingereza iko ya wale ba Uganda."

"Ni ya Amerika, afande. Ya shule ya biashara."

"Wewe mzee muzima, na bibi na mutoto, unaenda shule?" Wenzake wakacheka. Akafungua pale penye penseli, akanigeukia. "Wewe Mtanzania, Kingereza unajua. Soma hapa inasema nini."

Nikasoma. Na kwa mara ya kwanza maishani nikatafsiri bila kuongeza chumvi, kwa kuwa swali lile nilishalizoea. "Malori mawili yanatoka miji miwili tofauti, afande. Yanafuata barabara moja, yanakuja kuelekeana. Moja lina mwendo mkali kuliko jingine. Watu wanaulizwa yatakutana wapi."

Wakaacha kucheka.

"Maloli ya nani?"

"Hayana mwenyewe, afande. Ni ya hesabu tu."

"Maloli bila mwenyewe. Imebeba nini?"

"Kitabu hakijasema."

"Aa! Hakijasema!" Akaweka kidole kwenye karatasi, mahali Bwana Vedasti alipokata jibu kwa penseli na kuandika jingine juu yake. "Na hapa, mbona umefuta? Mulibadilisha mahali ya kukutana?"

"Nilihesabu vibaya, afande. Nikahesabu upya."

"Kwa hiyo hii ya pili ndiyo ya kweli?"

"Ndiyo, afande."

Koplo akatoa karatasi mfukoni, akainakili ile namba polepole. Dada, mimi ndiye ninayesahihisha, majibu yako nyuma ya kitabu. Hata lile la pili lilikuwa kosa. Jeshi zima sasa linalo jibu ambalo hata Wamarekani wangelikataa.

Nikafungua mdomo kusema, "Afande, angalia nyuma, majibu yamechapishwa," na hapo ndipo shavu lilipopata habari zake. "Wewe iko mugeni, nyamaza." Lile kofi ningelirudisha, unanijua, ila mikono ilikuwa imeshika kitabu. Wakakichukua. Wakamchukua na mwenyewe, bila viatu. Mama Alini alikimbia na viatu mkononi mpaka barabarani, wakakataa kuvipokea.

Habari zilitosha, kwao.

Siku ya mtihani ikafika naye bado yuko ndani. Sikumwambia mtu. Nilivaa shati lake jeupe, limenipwaya mabega, nikaenda mjini kwenye jengo la Wazungu lenye mtihani. Mlangoni kuna mama mmoja, mzuri wa adabu, anaongea Kiswahili cha kwenye kitabu. Nikamweleza: bwana wangu amelipia, jina lake limo, ila ameshikwa, naomba asogezewe siku. Akatafuta jina, akaliona. Akasema anasikitika sana, asiyefika huhesabiwa hakufika, sababu haiandikwi.

"Lakini mashine yenu..." nikaanza, kisha nikageuka.

Nikakaa ng'ambo ya barabara, sijui nasubiri nini. Niliwaona walioingia, wengine wanashushwa na magari ya serikali, dereva anawafungulia mlango. Na niliwaona walipotoka. Walitoka wanapigana mabega, wanacheka. Mmoja, mfupi, viatu vinang'aa, akawaambia wenzake kwa Kifaransa cha kusikika mtaa mzima, na Kifaransa changu kidogo kilitosha, kwamba hesabu zilikuwa za watoto.

Nilirudi kwa miguu. Mama Alini alikuwa ameshajua, maana shati halipo msumarini. Hakunigombeza. Aliniuliza kitu kimoja tu.

"Zilikuwa ngumu?"

"Ngumu sana, Mama Alini. Wote walitoka wanalia. Kuna mmoja walimshika mkono kumvusha barabara."

Akatikisa kichwa. Kesho yake alipopeleka chakula kule wanakowafungia, mlinzi alimruhusu aseme maneno machache kupitia uzio wa waya, akamweleza mumewe hivyo hivyo nilivyosema. Amekonda, anasema, na miwani hana. Lakini aliposikia alinyoosha mgongo, akampa ujumbe aniletee:

"Mwambie Jumanne mimi ningezifanya."

Basi, dada. Ya gereji msiulizwe, na mkiulizwa semeni hamjui. Usiniambie nirudi, sirudi sasa; Mama Alini hana mwanamume mwingine wa kumbebea maji, na mimi sijafukuzwa kazi. Msalimie shemeji fundi cherehani, mwambie shati nililovaa siku ile lilishonwa vizuri kuliko yake yote. Mama mkubwa mpe shikamoo yangu na umshikie goti linalomuuma. Mwanao wa kwanza mwambie mjomba anasema akazane na shule, na usimwambie kwa nini. Bibi mzaa baba mwambie mimi mzima, habari ya shavu isimfikie.

Mdogo wako asiye na saa ya kushika,

Jumanne