Taa Nyekundu ya Gari Ulilonipa

Kaka mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi wazima, na mito yangu ya pamba inauzika vizuri.

Lile gari la haibridi ulilonipa, la mafuta na umeme, kweli linanusa mafuta tu, halinywi. Ila mwezi uliopita liliwasha taa nyekundu, likagoma njiani. Fundi akasema, "Dada, betri kubwa imekufa." Bei yake nusura ifike bei ya gari zima! Shemeji yako akataka tuliuze kama chuma chakavu. Nikakataa, tukagombana. Sasa anaishi kwa dada yake. Tuyaache hayo.

Nilisoma kitabu cha gari siku tatu. Kumbe betri ile hupozwa na feni iliyo kando ya kiti cha nyuma. Nikaenda gereji, nikamwomba fundi aifungue. Kaka, ilikuwa imejaa pamba ya mito yangu! Tukaisafisha kwa mswaki, akaifuta ile taa kwa kompyuta, gari likaondoka kimya kama paka.

Fundi alishika kichwa. "Nimewabadilishia watu wangapi betri bila sababu?"

Siku hizi akiletewa gari kama hili, hunipigia simu kwanza: "Fundi, njoo tuangalie."

Kaniita fundi, Kaka! Nimelirudia neno hilo peke yangu chumbani, nikicheka.

Mdogo wako akupendaye,
Mshona Mito