Karanga za Mgeni

Jumatatu, 9 Juni
Umeme umekatika tena. Kiomboi hii ya kwetu. Natumia betri. Nimepima karanga za kutoka Misigiri zilizobaki, nikaosha kioo, nikapima tena. Mstari haujasogea. Kazi yenyewe ni rahisi kueleza: mwanga unapiga kioo chenye utando mwembamba wa dhahabu, sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa karanga, ikinasa juu yake, mstari kwenye kompyuta unasogea. Wangu umelala tu. Sumu niliyotoka nayo maabara ili kuhakiki kifaa iliharibika kwa joto ndani ya basi. Kwa hiyo sijui kama karanga ni salama au kifaa kimekufa. Nimechoka mpaka kope.

Jumatano, 11 Juni
Nyumba hadi nyumba. Shikamoo, marahaba, karibu ukae, kula kwanza. Kila mama anaingia ndani, anatoka na ungo: karanga nene, hazina hata doa. Sufuri. Sufuri tena. Nilikuwa na hakika ya kuipata sumu huku, maana watu hunyunyizia karanga maji maganda yalainike kabla ya kumenya, na unyevu ndio unaoita ukungu.

Profesa kapiga simu. Nisipopata kitu wiki hii, nirudi, ataandika kuwa kifaa hakifai nje ya maabara. Shahada yangu yote imo kwenye kile kisanduku. Nimemchukia. Halafu nimejichukia.

Alhamisi, 12 Juni
Nimelala. Basi.

Ijumaa, 13 Juni
Asubuhi nimemkuta Mama anatwanga karanga za uji wa Neema, mtoto wa dada yangu anayelelewa hapa. Nikachungulia kinu. Zilizosinyaa, zilizovunjika, nyingine nyeusi. Nikamuuliza nzuri ziko wapi.

"Si nilikupa wewe ukapime? Mgeni hapewi makapi, mwanangu. Hizi ni zetu."

Nimesimama pale kama zuzu. Nimekulia nyumba hii! Nzuri za soko na za mgeni, mbovu zinatwangwa za nyumbani. Nilijua. Wiki nzima nimekuwa nikipima adabu za watu.

Nimechota kijiko kimoja kinuni. Mstari ukasogea, ukazidi kusogea. Kifaa ni kizima. Ningeruka kwa furaha, ila Neema alikuwa mlangoni na kikombe chake, anasubiri uji. Nimeogopa.

Jumapili, 15 Juni
Profesa amefurahi. Anataka nibaki, nipime za vinuni nyumba zote. Sawa.

Juzi, palepale kinuni, nilimweleza Mama. Hakubisha. Alichimba shimo nyuma ya jiko, akafukia kila kilichokuwa kinuni, kuku wasije wakadonoa. Kisha akauliza polepole, "Na ninyi niliowalea kwa uji huohuo?"

Leo uji mtupu. Neema kaununia.

Jioni Mama amekaa na ungo wake, anachambua. Nzuri zote ameziweka kwenye bakuli la Neema. Safari hii hakunitengea za mgeni. Nimevuta kigoda, nikachambua naye.