Ngoma ya Mapacha

Katoro, Jumanne

Jumapili iliyopita nilipoteza nafasi yangu kwenye Meza ya Bwana, kwa sababu mama mkwe aliwachezea mapacha wangu ngoma ya mila, ambayo kanisa letu linaikataza, huko Samuye. Mimi nilikuwa huku sokoni nauza dagaa.

Leo nimemfuata mchungaji. "Kosa langu ni lipi?"

"Mama Kulwa, ungekataza."

"Nimkataze mama mkwe? Mchungaji, wewe si Msukuma?"

Akakohoa.

Miaka kumi na moja anatufundisha kwamba tunaokolewa kwa neema, si kwa matendo. Sasa mimi nahukumiwa kwa matendo ya mtu mwingine. Hesabu hiyo haikai.

Wokovu wangu siuhofii. Nahofia ubatizo wa wanangu wa Jumapili hii, ameusimamisha. Nimemwambia anijibu kabla ya Jumamosi saa kumi jioni: Kulwa na Doto watabatizwa au hawatabatizwa?